Namna ya kuchambua video kwa kompyuta: kuhesabu mitumbwi na kutambua kazi kwenye mwalo wa Ziwa Victoria

Anayesimama alfajiri kwenye mwalo wowote kati ya Kirumba na Igombe huona kwa macho jambo ambalo kompyuta ilishindwa kuliona kwa miaka mingi: wanaume wanne wameshika ubavu wa mtumbwi, maji yamewafika magotini, na kila aliyepo ufukweni anajua kama mtumbwi huo unatolewa majini au unaingizwa. Ukiwapiga picha moja ya mnato, ujuzi huo unapotea. Niliwahi kumwonyesha mzee mmoja mvuvi picha ya namna hiyo kwenye simu nikamwuliza watu wale wanafanya nini. Aliitazama kwa muda, akanirudishia simu. "Mwanangu, hii haijasema kitu. Nionyeshe inavyokwenda." Nilipomchezea zile sekunde kumi za video, alijibu kabla hazijaisha: "Wanasukuma. Tazama miguu yao, na wimbi linavyowarudisha."

Mwongozo huu umejengwa juu ya jibu la mzee huyo. Video ni picha pamoja na muda, na anayetaka kuichambua kwa kompyuta hana budi kujiuliza kwanza jibu analolitafuta linahitaji muda wa kiasi gani. Yapo maswali yanayojibiwa na fremu moja, yaani picha moja kati ya zile zinazoiunda video, yapo yanayohitaji sekunde kumi, na yapo yanayohitaji asubuhi nzima. Ukishalijua hilo, kuchagua mbinu huwa kwepesi na gharama hupungua sana. Ninamwandikia mwanafunzi, mtafiti au ofisa wa uvuvi mwenye kompyuta ya kawaida, anayeijua lugha ya Python kidogo, na anayetaka kufanya mambo mawili: kuhesabu mitumbwi inayoingia, na kutambua kazi zinazofanyika inapofika nchi kavu.

Andika swali kabla ya kufunga kamera

"Nataka kuchambua video za mwalo" bado si swali. "Mitumbwi mingapi inaingia kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu asubuhi?" ni swali, na "Kundi hili la watu linavuta mtumbwi, linausukuma au linashusha dagaa?" ni swali jingine kabisa. La kwanza linataka kujua kitu kiko wapi katika kila fremu na kukifuata mpaka kivuke mpaka fulani. La pili linataka kuusoma mwendo wenyewe. Anayechukua modeli moja kubwa, yaani programu iliyojifunza kutokana na mifano, akitumaini itajibu yote mawili hupoteza muda na fedha.

Bainisha pia maana ya maneno yako kwa maandishi. Mtumbwi unaovutwa kwa kamba nyuma ya mwingine wenye injini ni mtumbwi wa pili au ni mzigo? Ulioshusha ndoo za dagaa ukarudi majini, kisha ukaingia tena baada ya nusu saa, unahesabiwa mara ngapi? Kompyuta haitakuamulia mambo hayo, na usipoyaamua wewe mwanzoni, kila atakayekusaidia kazi atayaamua kivyake.

Kamera, mwanga na faili

Mji wa Mwanza uko upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo kamera iliyofungwa ufukweni ikiyatazama maji mara nyingi huelekea magharibi. Asubuhi jua liko mgongoni mwake na mitumbwi huonekana vizuri. Jioni jua hushuka mbele ya lenzi, maji yakawaka kama bati jipya, na mtumbwi ukabaki kivuli cheusi. Kama swali lako linahusu mitumbwi inayotoka jioni kwenda kuvua, igeuze kamera kidogo kuelekea kaskazini au kusini badala ya kutegemea programu irekebishe mwanga baadaye. Ifunge juu kadiri unavyoweza, ili mtumbwi ulio karibu usiufunike ulio nyuma yake, na uifunge kwenye nguzo imara, kwa sababu nguzo inayotikiswa na upepo huifanya picha nzima ionekane inakwenda. Usiifunge karibu na taa. Wadudu wa ziwani hukusanyika hapo usiku, na buibui wanaowafuata hutanda utando mbele ya lenzi.

Umeme wetu wa gridi ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kamera iliyowekwa kwenye fremu 30 kwa sekunde inaweza kuonyesha mistari ya giza inayopita juu ya picha, kwa hiyo chagua fremu 25 kwa sekunde na kasi ya shata ya 1/50 au 1/100.

Kuhusu ukubwa wa faili, ni vyema kupiga hesabu mapema. Fremu ya pikseli 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, kila moja ikichukua baiti tatu za rangi, na kwa fremu 25 hiyo ni karibu megabaiti 155 kwa kila sekunde kabla ya kubanwa. Kodeki (njia ya kubana video) ya H.264, iliyotoka mwaka 2003, huhifadhi fremu nzima mara moja moja tu, na katikati yake hueleza kilichosogea na kilichobadilika. Ndiyo maana kamera hiyohiyo inaweza kutoa megabiti 4 kwa sekunde, yaani gigabaiti 1.8 kwa saa na takriban gigabaiti 43 kwa siku. Usiibane zaidi ya hapo bila kujaribu, kwa kuwa kitu cha kwanza kufutwa na ubanaji mkali ni kile kidogo kilicho mbali, na kwako hicho ndicho mtumbwi unaoanza kuonekana. Kwa sababu hiyohiyo, usikusanye video kwa kutumiana kwenye WhatsApp, ambako hubanwa upya. Simu nyingi pia hurekodi kwa idadi ya fremu inayopanda na kushuka ndani ya video moja. Zipitishe kwanza kwenye programu huria ya FFmpeg ili zote ziwe na fremu 25 kwa sekunde, la sivyo saa utakayoandika kwenye matokeo haitalingana na saa ya kweli.

Watu wanaorekodiwa

Kabla ya kurekodi, zungumza na uongozi wa mwalo, wavuvi na akina mama wanaoanika dagaa, waeleze unachotafuta, na weka bango linaloonekana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inahusu pia picha inayomtambulisha mtu. Nami naona ni haki ya mtu kujua kwamba kazi yake inarekodiwa, hata kama sheria isingekuwapo. Ziwekee ukungu nyuso kabla ya kuhifadhi, futa video za asili ukishapata hesabu unayoihitaji, na usikubali video iliyokusanywa kwa ajili ya kuhesabu mitumbwi itumike kumfuatilia mtu mmoja mmoja. Ukitaka kutumia droni, omba kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga kwanza.

Hesabu kwa mkono kwanza

Hatua hii inachosha, na ndiyo inayoamua kama kazi yako itaaminika. Chagua saa kadhaa za video, waombe watu wawili wazihesabu kila mmoja peke yake, kisha linganisha. Wanapotofautiana, mara nyingi kosa haliko machoni mwao. Maana uliyoiandika mwanzoni ndiyo yenye mwanya. Irekebishe, wahesabu tena.

Saa hizo zisichaguliwe ovyo. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za sola, na uvuvi huo hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi mingi hubaki nchi kavu. Anayekusanya video za wiki moja ya giza atajenga mfumo usiojua mwalo mtupu unafananaje. Kusanya angalau mwezi mwandamo mmoja, yaani siku 29 au 30, pamoja na siku za upepo na za mvua.

Unapogawa video kati ya zile za kufundishia na zile za kupimia, gawa kwa siku, usigawe kwa fremu. Fremu mbili zinazofuatana zinatofautiana kwa sehemu ya 25 ya sekunde, kwa hiyo ukizichanganya na kuzigawa kwa bahati nasibu, modeli itapimwa kwa picha ambazo ni kama imekwisha kuziona. Matokeo yatapendeza sana kwenye ripoti na kuporomoka siku ya kwanza ufukweni. Ninalisisitiza hili kwa sababu nililifanya mwenyewe, na ilinichukua majuma kadhaa kuelewa kwa nini mfumo wangu ulikuwa hodari mezani na kipofu mwaloni.

Mbinu kongwe bado ina kazi

Kuondoa mandhari ni mbinu iliyopata umbo linalotumika sana katika kazi ya Chris Stauffer na Eric Grimson ya mwaka 1999. Kila pikseli hukumbuka rangi zake za kawaida kwa kuchanganya mitawanyo michache ya kitakwimu, na rangi isiyolingana nayo huhesabiwa kuwa kitu kinachopita. Maktaba huria ya OpenCV inayo tayari kwa jina la MOG2. Barabarani inafanya vizuri, lakini juu ya maji mawimbi, mng'ao na yangeyange wanaotua vyote hugeuka "vitu vinavyopita". Itumie kama bawabu tu, ya kukuondolea saa ambazo hakuna kinachotokea, ili modeli nzito zisizipitie bure.

Kugundua, kisha kufuatilia

Kwa hesabu ya mitumbwi unahitaji kigunduzi kinachochora kisanduku kuzunguka kila mtumbwi katika fremu. Familia ya vigunduzi vya YOLO, iliyoanzishwa na Joseph Redmon na wenzake mwaka 2015, hufanya hivyo kwa kuipitia picha mara moja tu, na ndiyo maana inaweza kwenda na kasi ya video. Matoleo yake mengi huja yakiwa yamefundishwa kwa mkusanyiko wa picha wa COCO, wenye aina 80 za vitu, na chombo cha majini ni mojawapo. Usidanganyike na hilo. Mtumbwi wa mbao unaokujia uso kwa uso ni mstari mwembamba wenye vichwa vitatu juu yake, na kigunduzi kilichozoea vyombo vya namna nyingine huupita bila kuuona. Chora visanduku kwenye picha mia kadhaa za mwalo wako, za siku tofauti, kisha endelea kukifundisha. Zana huria ya CVAT inafaa kwa uchoraji huo. Modeli ya SAM 2, iliyotolewa na Meta mwaka 2024, inaweza kukupunguzia kazi: unabofya mtumbwi katika fremu moja, nayo huubeba umbo lake katika fremu zinazofuata, wewe ukibaki na kazi ya kusahihisha inapoteleza.

Mtumbwi hauendi mbio kama pikipiki, kwa hiyo fremu 5 kwa sekunde zinatosha kwa ugunduzi, na umepunguza kazi ya kompyuta mara tano.

Sasa unganisha visanduku hivyo katika muda, ili kila mtumbwi ubaki na namba yake moja kutoka fremu hadi fremu. Kifuatiliaji cha SORT cha mwaka 2016 kinategemea hesabu mbili zilizokuwapo zamani: kichujio cha Kalman cha mwaka 1960, kinachokisia kisanduku kitakuwa wapi katika fremu ijayo, na njia ya Kihungaria iliyochapishwa na Harold Kuhn mwaka 1955, inayooanisha makisio na visanduku vilivyoonekana kweli kwa gharama ndogo kuliko zote. ByteTrack ya mwaka 2021 iliongeza wazo jepesi lenye faida kubwa kwetu: visanduku ambavyo kigunduzi hakina uhakika navyo havitupwi, bali hujaribiwa mwishoni kwa mitumbwi ambayo haijapata mwenzi. Mtumbwi uliofichwa nusu na mwingine hutoa kisanduku cha namna hiyo hasa.

Angalia pia muda ambao kifuatiliaji hukisubiri kitu kilichopotea. Mpangilio wa kusubiri fremu 30 ni sekunde 1.2 kwa video ya fremu 25, lakini ni sekunde 6 ukitumia fremu 5. Pima kwa saa muda ambao mtumbwi hukaa nyuma ya mwingine mwaloni kwako, kisha uuweke huo.

Kuhesabu kwenyewe hufanywa kwa mstari unaouchora juu ya picha, na hapa ndipo wengi huharibikiwa. Mtumbwi uliofika karibu na nchi hupandishwa na kushushwa na wimbi, na kitovu cha kisanduku chake kinaweza kuvuka mstari mmoja mara tano bila mtumbwi kwenda popote. Chora mistari miwili, mmoja majini na mwingine karibu na mchanga, ukiacha kati yake nafasi iliyo pana kuliko kiasi ambacho wimbi humchezea mtumbwi. Hesabu "umeingia" pale tu namba ileile ya ufuatiliaji inapovuka wa nje kisha wa ndani, na "umetoka" kwa mpangilio wa kinyume.

Kuifundisha modeli kusoma mwendo

Tunarudi kwa wale wanaume wanne. Hapa kigunduzi hakitoshi, kwa sababu kuvuta na kusukuma hutoa visanduku vilevile. Mwaka 2014 Karen Simonyan na Andrew Zisserman walionyesha faida ya kuipa kompyuta njia mbili, moja ya kutazama picha na nyingine ya kutazama mtiririko wa mwendo kati ya fremu. Mwaka 2019 modeli ya SlowFast ikazigawa njia kwa kasi, moja ikipokea fremu chache kwa ajili ya sura ya vitu, nyingine fremu nyingi kwa ajili ya mwendo. Tangu mwaka 2021 njia kuu imekuwa modeli za transfoma kama TimeSformer na ViViT, na mwaka 2022 ikaja VideoMAE, ambayo kwa mwanzaji mwenye video nyingi na lebo chache (maneno ya mtu yanayotaja kinachofanyika katika kila kipande) ndiyo ningeipendekeza.

Ichukulie hivi. Unakata kipande cha sekunde kumi kuzunguka mtumbwi uliofika, chenye fremu 250. Unachagua 16 zilizopishana sawasawa na kuzipunguza ziwe pikseli 224 kwa 224. Kila fremu hugawanywa katika miraba ya pikseli 16 kwa 16, ambayo ni 196, na fremu hushikwa mbilimbili, hivyo unapata vipande 8 mara 196, yaani 1,568. Modeli hulinganisha kila kipande na kila kingine. Ukiziingiza fremu zote 250, vipande vingefika 24,500, na kazi ya kulinganisha ingekua karibu mara 244. Kwa hiyo uchaguzi wa fremu ndio moyo wa gharama. Ukichukua 16 zinazofuatana bila kuruka, umeona sekunde 0.64 tu, na katika muda huo hata yule mzee asingejua.

VideoMAE hufundishwa kwanza bila lebo: asilimia 90 au zaidi ya vipande hufichwa katika fremu zote, nayo hutakiwa kuvijaza. Ili ifanikiwe, lazima ijifunze jinsi vitu vinavyosogea. Ipo iliyokwisha kufundishwa kwa mkusanyiko wa video za Kinetics, zenye vipande vya kama sekunde kumi kila kimoja, nawe unaongeza mafunzo mafupi kwa vipande vyako mwenyewe, vilivyowekewa lebo za kuvuta, kusukuma, kushusha mzigo na mengineyo.

Mtego mkubwa uko katika maisha ya mwalo yenyewe. Wavuvi wa dagaa hutoka jioni na kurudi asubuhi. Vipande vyako vya kusukuma vitakuwa na mwanga wa machweo, na vya kuvuta vitakuwa na mwanga wa asubuhi, na modeli, ambayo daima hushika njia iliyo rahisi, itajifunza rangi ya anga na kuacha miguu ya watu. Tafuta kwa makusudi mitumbwi inayosukumwa asubuhi na inayovutwa jioni, hata kama ni michache, na uiweke katika pande zote mbili za mgawanyo.

Kisha fanya jaribio moja ambalo halichukui hata nusu saa. Ichezeshe video kinyumenyume na uulize tena. Modeli inayousoma mwendo inapaswa kubadili jibu, ya kuvuta ikasema kusukuma. Ikirudia jibu lilelile kwa uhakika uleule, inatazama mandhari, na hakuna takwimu za kwenye ripoti zitakazoiokoa. Kwa sababu hiyohiyo, unapoongeza mifano ya kufundishia, unaruhusiwa kugeuza picha kulia kwenda kushoto, lakini usigeuze muda bila kubadili lebo.

Kutafuta kwa maneno

Modeli kama CLIP ya mwaka 2021, iliyofundishwa kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi, hukuwezesha kutafuta ndani ya mamia ya saa kwa kuandika unachokitaka. Zimelishwa Kiingereza kwa wingi, hivyo kwa sasa tafsiri ombi lako na ujaribu maneno kadhaa. Zinafaa kwa kukusanya mifano ya kuwekea lebo. Usizipe kazi ya kuhesabu, wala usizipe modeli zinazojibu maswali ya video kwa sentensi, kwani nyingi huonja fremu chache tu na zinaweza kueleza kwa ufasaha jambo ambalo halikutokea.

Kupima na kutunza

Ripoti makosa ya aina mbili kando kando: mitumbwi iliyokosekana na iliyohesabiwa zaidi ya mara moja. Mfumo uliokosa 12 na kurudia 12 kati ya 100 utatoa 100 kamili, na jumla hiyo itakuficha kwamba hauoni vizuri. Toa matokeo ya kila hali peke yake, yaani shwari, upepo, mvua, giza na mbalamwezi, maana wastani wa yote haumwambii ofisa wa uvuvi siku gani aiamini namba na siku gani atume mtu akahesabu.

Kila mwezi rudia kuhesabu saa moja kwa mkono na uilinganishe na ya mashine. Kamera husogea, lenzi huchafuka, na ziwa lenyewe halitulii mahali pamoja: mwaka 2020 na tena 2024 maji yalipanda sana na kumeza sehemu za fukwe. Mstari wako wa ndani uliochorwa karibu na mchanga ukijikuta mbali majini, mtumbwi unaopita tu bila kutua unaweza kuivuka mistari yote miwili, na mfumo utauhesabu kuwa umeingia. Siku hiyo piga picha mpya kutoka kwenye kamera, waulize wavuvi wanaegesha wapi sasa, na uichore mistari yote miwili upya.